Majani ya Chini ya Mikorosho

Asubuhi ile Shamimu alimkuta Madoa ameegemeza paji la uso kwenye nguzo ya banda, kama mtu anayetega sikio kusikiliza ugomvi wa nyumba ya pili. Hori lilikuwa na majani ya jana, hayajaguswa. Alimwita, ng'ombe akatikisa sikio lakini hakugeuka. Alimsukuma ubavuni, akasogea hatua mbili, kisha akarudi palepale kwenye nguzo na kukandamiza kichwa tena, huku meno yakisagana taratibu, kwii, kwii, kama mlango wa bati.

Shamimu alikuwa mtu wa kuuliza. Mama mkwe wake, Bi Rabia, alikuwa akisema kwamba mke wa Mustafa hata mtoa roho akija atamuuliza kwanza ametokea wapi. Basi badala ya kupiga kelele alizunguka mbele ya mnyama, akashika pindo la kanga na kulipunga karibu na jicho la kulia. Jicho halikupepesa. Akapunga upande wa kushoto, ikawa vilevile. Akasogeza kidole mpaka kikakaribia kope. Hakuna kitu. Na macho yenyewe hayakuwa na utando wala tongotongo wala wekundu. Yalikuwa safi, yanang'aa kama maji ya kisima kwenye ndoo mpya. Macho mazima kabisa, ila hayaoni. Hilo ndilo lililomshangaza kuliko yote.

Madoa alikuwa ng'ombe wao wa kwanza na wa pekee, mtamba wa maziwa mwenye mimba ya miezi saba, aliyenunuliwa kwa fedha za ufuta wa misimu miwili. Pale kijijini Nandagala watu wengi wanafuga mbuzi na kuku, na mtu akienda shamba alikuwa anapitia kwanza uani kwa Mustafa kumtazama huyo ng'ombe anayelishwa ndani kama mgonjwa. Akifa Madoa, anakufa na ndama, na Shamimu alijua kwamba Mustafa hatakubali tena kusikia neno ng'ombe maisha yake yote.

Habari yenyewe ilianzia hospitalini Nachingwea, miaka minne nyuma, binti yao Raudha alipolazwa. Alikuwa na miaka miwili, mwembamba, miguu kama ya kifaranga. Kitanda cha jirani alikuwepo mwanamke mmoja mtu mzima, Beatrisi, anauguza mjukuu, na kila siku aliletewa maziwa ya moto kwenye chupa ya chai kutoka nyumbani kwake. Alimmiminia Raudha kikombe asubuhi na kikombe jioni, bila kuombwa. Mtoto aliponyanyuka, Shamimu akaanza maswali. Ng'ombe anakamuliwaje, anazaa lini, na kiangazi anakula nini wakati hata mbuzi wanatafuna maboksi? Beatrisi akacheka, akasema anakula majani ya tembo, yale marefu yanayofanana na miwa, ambayo mtu anapanda mara moja tu na kukata mwaka hadi mwaka.

Aliporuhusiwa hospitali Shamimu alirudi na mtoto mgongoni na gunia lililoloweshwa maji kwenye buti la basi. Ndani ya gunia kulikuwa na vipande vya mashina, kila kimoja pingili tatu. Beatrisi alimfundisha vizuri: pingili mbili zizame ardhini, moja ibaki nje, na kipande kilazwe kidogo kisisimame wima. Samadi ya mbuzi shimoni. Usiguse mpaka majani yafike kifuani. Ukikata acha kiganja kimoja juu ya udongo, usikate mpaka chini kama unanyoa kichwa, halafu palilia na urudishe samadi. Ukifanya hivyo shina halifi. Jua litalikausha juu, mbuzi watalitafuna, moto utapita, na mvua ya kwanza ikidondoka litachipua tena.

Na kweli halikufa. Shamimu alipanda sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa nyuma ya bafu la uani, pale maji ya kuogea yanapotiririkia. Sehemu ya pili alibuni mwenyewe, na alijisifu nayo: alipanda safu sita katikati ya mikorosho ya Mustafa, ambako kivuli kinazuia jua la Septemba lisichome kila kitu, na palizi la mikorosho ndilo hilohilo palizi la majani. Wakulima waliopita walisimama wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kazi moja, faida mbili. Ng'ombe akaletwa baada ya majani kuwa tayari, wala si kabla, na hapo tena Shamimu alifuata maneno ya Beatrisi.

Bi Rabia peke yake ndiye hakuyapenda. Alisema majani yasiyo na jina kwa Kimwera si majani ya hapa, na kwamba yanakata mikono ya watoto kama wembe. Hilo la wembe lilikuwa kweli.

Kwa hiyo asubuhi ile, Mustafa alipoitwa na kumwona ng'ombe kwenye nguzo, Bi Rabia alifika nyuma yake na hukumu mkononi. Alisema ni yale majani. Mwaka wa kwanza yalikuwa yanamzoea mnyama, mwaka wa pili yameanza kumla. Mustafa alitetea kidogo, akasema mbona mwaka jana ng'ombe alikula hayohayo akanenepa, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Alimtazama Madoa akijigonga kwenye nguzo, akamtazama mama yake, kisha akatoa simu na kumpigia mdogo wake Swalehe.

Swalehe alikuwa ndiye mchinjaji wa ukoo. Kila mtu alielewa maana ya simu ile. Mnyama akifa mwenyewe ni kibudu, haliwi, anazikwa na hasara yake yote. Mnyama mgonjwa akiwahiwa na kisu angali anapumua, nyama ni halali na angalau watu wanapata kitoweo. Ndivyo walivyofanya kwa mbuzi na kondoo tangu zamani, na hakuna aliyeona ajabu. Swalehe akajibu kwamba yuko kwenye mikorosho yake anapuliza dawa, atakuja baada ya swala ya adhuhuri. Kabla saa tatu haijafika, jirani mmoja alishapitisha kichwa juu ya ua kuuliza kama kichwa na utumbo vina mwenyewe, maana yeye pilipili ameshazitwanga.

Basi Shamimu alikuwa na muda wa saa nne hivi tu. Kwanza alimpigia Dastani, bwana mifugo. Dastani alikuwa Narung'ombe anachanja kuku, na alisema hawezi kutoka kabla ya saa nane. Lakini aliuliza maswali, na Shamimu akayajibu kwa kujivuna kidogo, kama mwanafunzi anayejua somo. Mwili una joto? Hauna, masikio ya kawaida. Anaharisha? Haharishi. Ameng'atwa na mbwa? Hapana. Macho yana ukungu? Hayana, ndiyo ajabu yenyewe. Mwisho Dastani akauliza:

"Kuna kitu kipya amekula wiki hizi mbili?"

"Hakuna," alisema Shamimu. "Majani yake yaleyale."

Alikata simu, akabaki ameishika. Jibu lilitoka haraka mno. Akarudi bandani akasimama pembeni ya Madoa, akamfungua midomo kuangalia ulimi, na hapo ng'ombe akacheua. Pumzi iliyotoka ilimpiga Shamimu usoni akarudi nyuma. Haikuwa harufu ya nyasi wala ya kinyesi. Ilikuwa harufu ya yai viza lililopasuka juani. Akanusa tena, safari hii kwa kusudi, pua karibu na pua ya mnyama, mpaka Raudha aliyekuwa mlangoni akamuuliza kama anambusu ng'ombe.

Yai viza ndani ya tumbo la mnyama anayekula majani matupu. Limetoka wapi?

Alimpigia Beatrisi wa Nachingwea. Alimweleza yote, na mama mkwe anavyosema, na kisu kinachokuja. Beatrisi akasema kwa ule utani wake mkavu:

"Dada, majani yangu yamelisha ng'ombe watano na wachungaji wawili wa kanisa, hakuna aliyepofuka. Unayakata wapi siku hizi?"

"Si palepale nyumbani."

"Nyumbani kuna pembe nne. Wewe unakata pembe ipi?"

Shamimu alifikiri. Ya nyuma ya bafu alikuwa ameyakata mara tatu tangu mvua zikatike, na Julai hii na baridi yake yalikuwa yanachipua polepole, bado hayajapita goti. Kwa hiyo siku kumi nyuma, au kumi na moja, alihamia kwenye zile safu sita za mikorosho. Majani yaleyale, mbegu ileile, kutoka gunia lilelile. Lakini pembe nyingine. Mwaka jana wakati kama huu ya bafuni yalikuwa yametosha.

Alichukua mundu na kutoka. Kijiji kizima kilinuka njiti ya kiberiti, kama kila mwaka msimu huu. Ni wakati wa kupuliza salfa. Mikorosho inatoa maua, na ule ugonjwa unaoacha vumbi jeupe juu ya maua ukiwahi kabla ya salfa, hakuna korosho. Kwa hiyo alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka, wanaume wanabeba mashine mgongoni na kila shamba linafukiza wingu la njano. Salfa inaingia kwenye nywele, kwenye masikio, kwenye chai. Kuku ni wa njano. Mbwa ni wa njano. Mtu akikutana na mwenzake mwenye nyusi za njano anamuuliza tu amemaliza miti mingapi.

Kwa hiyo Shamimu alipofika kwenye safu na kushika shina, na kiganja kikatoka na unga wa njano, hakushtuka. Mikono ya kila mtu Nandagala ilikuwa hivyo. Alikata tita moja, akaligeuza, akatafuta wadudu, akatafuta ukungu, akatafuta mmea mwingine wa sumu uliojichanganya. Hakuona chochote. Majani yalikuwa laini na ya kijani kuliko yote ya kijijini. Alikaribia kukata tamaa. Akakata na konzi chache za nyuma ya bafu, akazileta zote uani, akachukua beseni jeupe la kuogea mtoto akalijaza maji. Hakujua hasa anatafuta nini. Alitaka tu kuyaona yote mawili ndani ya maji yaleyale.

Majani ya bafuni yalitoa vumbi kidogo na sisimizi wawili. Akamwaga maji, akajaza mengine. Akazamisha konzi ya majani ya mikoroshoni, akatikisa. Unga wa njano ukapanda juu, ukaelea, haukutaka kuzama wala kuchanganyika. Ulikusanyika pembeni mwa beseni kama utando wa uji uliopoa. Shamimu akaukomba kwa kidole akaupima kwa kijiko cha chai, robo kijiko. Hiyo ni konzi moja tu, na tita moja lina konzi ngapi? Madoa anakula matita manne kwa siku, kwa siku kumi. Alikaa chini kwenye kigoda. Alikuwa amemlisha ng'ombe wake vikombe vya salfa, tena asubuhi asubuhi, wakati umande umeibandika vizuri kwenye jani.

Alimwita Mustafa. Mustafa alitazama beseni, akatazama kijiko, akasema neno ambalo mtu yeyote wa wilaya ile ya Ruangwa angelisema.

"Mama Raudha, salfa ni dawa."

Na hapo ndipo penye kosa, mwenye ng'ombe na mwenye mikorosho asome pole pole. Wamekua nayo. Wanachanganya salfa na mafuta ya nazi wanapaka watoto upele. Wanampaka mbuzi mwenye ukurutu. Bi Rabia mwenyewe alikuwa na kopo lake chini ya kitanda. Dawa nyingine za mikorosho, zile za majimaji zenye alama ya fuvu, kila mtu anaziogopa, anafungia mbali. Salfa haina fuvu machoni pa mtu. Ingekuwa sumu, walisema, sisi tungekuwa tumekufa zamani. Lakini hakuna binadamu aliyewahi kula vikombe vya salfa kwa siku kumi. Shamimu alimwambia hivyo mumewe. Mustafa alikuna kichwa, na kutoka kwenye nywele zake ukadondoka unga wa njano.

Shamimu alipogeuka alimwona Bi Rabia nyuma ya bafu na jembe. Alikuwa ameshang'oa mashina matatu, ameyatupa na mizizi juu. Shamimu hakugombana naye. Alimwambia mama, subiri kidogo, nadhani nimekiona chanzo, na chanzo si majani. Bi Rabia akajibu kwamba yeye hakusoma sana lakini anajua kutofautisha mgeni na mwenyeji, na salfa ni mwenyeji.

Swalehe alifika saa saba na kisu kimefungwa kwenye kitambaa, amenawa uso, masikio bado ya njano. Alikuwa shemeji wa mzaha. Alimwambia Shamimu kwamba amekuja kumsaidia kupunguza kazi ya kukata majani. Shamimu hakucheka. Akamwonyesha beseni, akamnusisha pumzi ya ng'ombe, na Swalehe akakunja uso. Ndipo Shamimu akasema kile alichokuwa anakipika kichwani tangu asubuhi.

"Shemeji, nyama hii utawapa wanao?"

"Si ndiyo nimekuja."

"Mama anasema ni sumu ya majani. Mimi nasema ni salfa. Tumetofautiana jina tu. Wote tunasema ng'ombe ana sumu tumboni. Haya, utawapa wanao?"

 Mchinjaji anajua mengi kuhusu uhalali wa nyama, lakini kama ina sumu hakuwahi kuulizwa. Alimtazama kaka yake. Mustafa akasema bwana mifugo yuko njiani, tusubiri aseme. Wakakubaliana: Dastani akifika atazame, lakini wakati wowote ng'ombe akilala na kunyoosha miguu, kisu kifanye kazi yake, na nyama itajadiliwa baadaye. Swalehe akakaa kwenye gogo, kisu pajani. Jirani wa pilipili naye akakaa.

Dastani alikuja saa nane na nusu, pikipiki imejaa vumbi. Alifanya yote ambayo Shamimu alishayafanya: alipunga mkono machoni, alinusa, alitazama beseni. Alilitazama beseni muda mrefu. Akauliza ni nani aliyefikiria kuyaosha majani. Halafu akasema wazi kwamba ugonjwa huu hajawahi kuuona kwa macho, ameusoma tu chuoni. Salfa ikizidi tumboni mwa ng'ombe inageuka hewa mbaya. Ng'ombe anaicheua, anaivuta tena puani, inakwenda kuudhuru ubongo. "Macho ni mazima," alisema. "Ubongo ndio hauoni." Shamimu alirudia maneno hayo kwa sauti ndogo. Swali lake la asubuhi lilikuwa limepata jibu.

Tiba ilikuwa sindano ya vitamini B1, nyingi, tena na tena, na hata hivyo wengine hawaponi. Ndani ya begi alikuwa na chupa moja. Alimchoma Madoa yote, akasema inahitajika nyingine kabla ya jua kuzama na nyingine kesho, zinapatikana kwenye duka la dawa za mifugo Ruangwa mjini. Mustafa akapanda nyuma ya pikipiki, wakaondoka. Kuhusu nyama, Dastani alisema akiwa ameshakanyaga gia kwamba yeye hawezi kuipitisha, na asiyemwamini aile mwenyewe.

Hazijapita dakika thelathini, Madoa akaanguka.

Alianza kwa kutetemeka magoti, kisha akaketi kama mzigo uliokatika kamba, akalala ubavu. Shingo ikajikunja nyuma, kichwa kikatazama juu. Miguu ya mbele ikanyooka na kukakamaa. Raudha akaanza kulia. Swalehe alikuwa ameshasimama, kitambaa kimefunguliwa, anamgeuza ng'ombe kichwa kuelekea kibla, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo.

"Mwanangu, usiniletee kibudu uani," Bi Rabia alimwambia Shamimu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemwombea.

Makubaliano yalikuwa makubaliano, na miguu ilikuwa imenyooka. Shamimu alijua hana neno. Mustafa hayupo, bwana mifugo hayupo, na sindano yenyewe mwenye kuichoma alisema wengine hawaponi. Alipiga magoti, akaweka mkono kwenye ubavu wa Madoa, si kwa kuzuia kisu, ni kwa kutaka kujua kama anapumua. Alikuwa anapumua, haraka haraka. Akashusha mkono chini zaidi, kwenye tumbo, na akasubiri. Kitu kikamsukuma kiganja kutoka ndani. Kikatulia. Kikasukuma tena, kwa nguvu, kama mtoto anayekataa kuvishwa shati.

"Anacheza," alisema. "Swalehe, lete mkono."

Swalehe alisita. Alihamishia kisu mkono wa kushoto, akainama, akaweka kiganja pale alipoonyeshwa. Raudha akaacha kulia. Shamimu aliona jinsi uso wa shemeji yake ulivyobadilika.

"Ukichinja unachinja wawili, na mmoja hana ugonjwa," alisema Shamimu. "Mimi nimebeba, mama amebeba, wewe hujabeba. Mwache mpaka jua lizame. Akifa, akawe kibudu changu. Shimo nitachimba mwenyewe na hakuna atakayeniambia pole."

Swalehe alimtazama mama yake. Bi Rabia alikuwa anatazama tumbo la ng'ombe. Aliposema hakusema kuhusu kisu. Alisema mnyama asilale ubavu hivyo, atajaa hewa, wamwegemeze na gunia la pumba. Swalehe akafunga kisu kwenye kitambaa. Wakamwinua wote wanne, Shamimu, Swalehe, Bi Rabia na yule jirani, wakamkalisha kifudifudi na gunia ubavuni. Kisha jirani akaondoka akinung'unika kwamba pilipili zikishatwangwa hazirudi kuwa nzima.

Mustafa alirudi na chupa sita jua likiwa kwenye vilele vya mikorosho. Dastani akachoma. Madoa hakuamka, lakini miguu ililegea na shingo ikarudi mahali pake. Kesho yake, Ijumaa, alichomwa mara tatu, na jioni alilamba maji kwenye kiganja cha Shamimu. Jumamosi alisimama, akaanguka, akasimama. Alikula maganda ya mgomba na mabua ya mahindi, na mengine aliyakosa kwa sababu hakuyaona, akawa anatafuna hewa pembeni yake.

Siku hizo Shamimu hakuacha kuuliza. Majani yakioshwa je? Dastani akasema usibahatishe, yale ya mikoroshoni yote yakatwe yatupwe shimoni mbali na wanyama, na machipukizi yasiguswe mpaka kupuliza kumeisha na mvua imenyesha na majani mapya yamekua juu yake. Na mikorosho nayo je, isipulizwe? Mustafa alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Mikorosho lazima ipulizwe. Basi majani ndiyo yahame. Walikaa wakakubaliana kwamba mvua zikianza watazichimbua zile safu sita, shina kwa shina, wazipeleke bondeni upande ambao hakuna mkorosho hata mmoja, na mwaka huu wa shida ng'ombe atakula mabua. Swalehe alijitolea kuja na jembe, akasema heri kuchimba majani kuliko shimo alilotaka kuchimba shemeji.

Kilichomsumbua Shamimu hakikuwa salfa. Kilikuwa lile jibu lake kwenye simu. Aliulizwa kama kuna kitu kipya, akajibu hakuna, na alikuwa anasema kweli. Salfa haikuwa mpya. Majani hayakuwa mapya. Alikuwa amevikutanisha tu, kwa mikono yake, na kusifiwa.

Jumapili asubuhi alimkuta Bi Rabia nyuma ya bafu, anarudishia udongo kwa mguu kwenye yale mashina matatu. Yalikuwa yamekaa juani na mizizi juu siku tatu, yamesinyaa kama matambara, lakini katikati ya moja kulikuwa na ncha ya kijani. Bi Rabia aliposhikwa hivyo alisema alikuwa anasawazisha tu ardhi, watoto wasijikwae.

Mustafa alifungua mlango wa banda ili afagie. Madoa alitoka taratibu, akasimama katikati ya uani, kichwa chini. Hakuna aliyemshika. Shamimu alitaka kumwendea, Mustafa akamzuia kwa mkono. Ng'ombe aliinua kichwa. Akageuka upande wa bafu, akaanza kutembea. Mbele yake ndoo ya maji ilikuwa imeachwa njiani, na wote wakaiona, na wote wakangoja aipige teke. Madoa akaizunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye yale machipukizi mafupi ya nyuma ya bafu ambayo hayajafika goti, ambayo Shamimu alimkataza kila mtu kuyagusa kabla hayajafika kifuani, akayafyeka kwa ulimi mpaka kwenye udongo, shina moja, la pili, la tatu, na hakuna aliyemfukuza.